Mwenyewe Hayupo

Mjukuu wangu ni fundi wa seva za hospitali, zile kompyuta kubwa zinazofungiwa chumba chao peke yao kama wagonjwa wa kuambukiza, zikipulizwa baridi mchana kutwa. Chumba chenyewe nimekiona. Nzi aliingia humo akiruka, akatoka kwa miguu, kajikunyata, anaulizia blanketi. Usinibishie, hukuwepo.

Mimi nilikuwepo kwa sababu mumewe alikuwa amefariki, naye akarudi kazini kama mtu anayerudi jikoni kuangalia kama alizima jiko. Hakulia. Ukimwambia kula, anakula. Ukimwambia lala, analala, macho wazi. Mama yake akaingiwa na hofu, akanijia. "Mama, nenda ukakae naye hukohuko kazini. Mchekeshe. Si wewe ndiye mwongo wetu?" Nikajifunga shali mbili nikaenda.

Tangu utotoni namwita mke mwenzangu, na yeye ananiita hivyohivyo. Alikuwa mtoto wa kufungua vitu. Redio ya babu yake aliifungua akaifunga, skrubu zikabaki mkononi, na redio ikaanza kushika mpaka ugomvi wa majirani. Mume alimpata kazini, fundi mwenzake, mchangamfu. Ukigonga mlango ukauliza nani yupo, anajibu, "Mwenyewe!" Ukimpigia simu, "Mwenyewe hapa!" Mpaka jina alilopewa na wazazi likatutoka, akabaki Mwenyewe. Nami nikadai sehemu yangu, maana mume wa mke mwenzangu ni mume wetu. Siku ya msiba nilimshika mkono nikamwambia, "Tumefiwa, mwenzangu." Akajibu, "Ndiyo, Bibi." Bibi! Toka lini?

Huyo Mwenyewe ndiye aliyeijenga kanzidata ya wagonjwa wa kisukari, ghala la ndani ya mashine linalojua nani anachoma dozi gani na dawa ipi inamdhuru nani. Asubuhi moja seva iliyobeba ghala hilo ilitoa moshi ikafa. Bakapu ilikuwepo, nakala nzima, na seva nyingine ilikuwepo. Kilichobaki ni kuichukua nakala na kuifungua kule kwenye seva nyingine. Nje mabenchi yamejaa, na muuguzi wa mapokezi hawezi kumpa mtu dawa kwa kukisia.

Mjukuu wangu akaiamuru ifunguke. Ikaenda kidogo, ikakataa, ikafuta hata kile ilichokwisha kuweka. Akaangalia nafasi, ipo ya kutosha. Akailinganisha nakala na pacha wake wa akiba, haina upungufu. Programu ya huku na ya kule, toleo lilelile. Akajaribu tena. Ikakataa tena. Uso wake ulikuwa kama sahani iliyooshwa.

Nikaendelea na kazi iliyonileta. "Ule moshi wa seva ulikuwa mzito," nikamwambia, "jirani wa nyuma kaanika nguo juu yake."

"Sawa, Bibi."

Bosi akaingia. Alikuwa mgeni hospitalini, amekuja baada ya msiba, hajui la huku wala la kule. "Vipi, fundi?"

"Imekataa."

"Inasemaje?"

"Inasema mwenyewe hayupo."

"Kumbe ni hilo tu!" Akatoka mbio.

Nikaisogelea ile skrini, nikaikazia macho. "Nani kaiambia?"

"Kaiambia nini?"

"Kwamba mume wetu hayupo."

Akanieleza taratibu, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo. Kila kilichomo ghalani kimeandikwa ni mali ya nani, na mumewe alijiandikisha kwa jina lile la utani. Bakapu inabeba vitu vyote, lakini majina ya wenye vitu hayasafiri nayo, yanabaki kwenye seva ya zamani. "Sasa hii mpya inaletewa mzigo, inaambiwa ni wa Mwenyewe. Inamtafuta, haimjui. Inaukataa."

"Dawa yake?"

"Kumwandikisha upya. Mstari mmoja tu."

"Sasa?"

Mikono ilikuwa juu ya vibonye, imetulia kama si yake. Nikajua kwamba alikuwa ameshaelewa tangu ilipokataa mara ya kwanza.

Bosi akarudi anahema, nyuma yake mkurugenzi wa hospitali, katolewa kikaoni, tai imeenda bega la kushoto. "Nimemleta mwenyewe!"

"Haya, nisaini wapi?" mkurugenzi akauliza, anazipepesea macho taa za seva. "Naambiwa mashine inanitaka."

Mke mwenzangu akamtazama. Pua ikatoa pumzi fupi. Sikuiita kicheko. Labda jirani wa kicheko, tena yule asiyesalimia.

"Si wewe, mheshimiwa," nikasema. "Mwenyewe ni mume wetu. Marehemu."

"Mume wenu? Nyote wawili?"

"Mimi ndiye mke mkubwa."

Mkurugenzi akamkumbuka fundi wake, akavua miwani, akatoa pole. Bosi akatafuta pa kuiweka aibu yake. "Basi vitu vyote viandike kwa jina lako, fundi. Si inawezekana?"

"Inawezekana. Lakini kompyuta za mapokezi na famasia zote zinabisha hodi kwa jina lake. Nitazipitia moja moja, itachukua siku."

"Basi tuachane na hilo ghala la zamani. Tujenge jipya, wagonjwa waulizwe upya."

"Mama wa benchi la mbele hakumbuki dozi yake," mjukuu wangu akasema. "Akikosea, atakufa." Aliyasema kama anaomba kupitishiwa chumvi.

Feni zikavuma.

Mke mwenzangu akaanza kuandika. Lugha ya mashine siijui, ila lile jina nililitambua kwa jinsi vidole vilivyolikaribia, vikasita, vikalipitia haraka. Mashine ikamwomba paswedi ya huyo mtu mpya. Akaiweka bila kuitafuta. Halafu akaiamuru bakapu ifunguke.

Tukangoja. Mashine haikutoa neno.

"Imekataa tena?" nikauliza.

"Hapana. Ikikubali huwa inanyamaza."

Kule mapokezi, tulivyosimuliwa baadaye, muuguzi aliyemjua marehemu akaona jina lake kwenye kona ya skrini. Akalitazama. Kisha akamwita mama wa benchi la mbele aje dirishani.

Bosi hakuridhika. Akasema haifai mali ya hospitali kuwa ya mtu asiyekuwepo, na kazi ikitulia, fundi avihamishie vitu vyote kwenye jina lake yeye. Maadamu jina la kubishia hodi limesharudi, kuhamisha mali nako ni mstari mmoja tu.

"Kesho," mjukuu wangu akamjibu.

Mpaka leo nikikutana naye namuuliza, "Umeshamhamisha mume wetu?"

Hainui macho kutoka kwenye skrini. "Kesho, mke mwenzangu."