Kitunguu Chini ya Wigi

Miaka mingi ya misuko ya kukaza ilinimalizia nywele za mbele, kutoka sikio hadi sikio. Huku Brussels nilihama Molenbeek, nikahama Flagey, nikaishia Evere, na kila nyumba niliiachia nywele zangu kwenye tundu la bafu. Wigi ilinisitiri vizuri. Shida ilikuwa moja tu: nilishakata tikiti ya Lubumbashi, na mama yangu, kila nirudipo, hunikalisha kati ya magoti yake akanisuka mwenyewe. Safari hii angeshika nini?

Mfamasia alinipa kichupa cha matone ya kupaka kwenye ngozi ya kichwa, asubuhi na jioni. "Mwanzoni zitaanguka zaidi," alisema bila wasiwasi wowote. "Ni dalili kwamba dawa inafanya kazi."

Kwa dalili hiyo, ilifanya kazi sana.

Maman mmoja wa Bukavu niliyeishi naye alicheka mpaka akashika ukuta. "Alors, dada, dawa ya kuotesha inaanza na kung'oa? Lete kitunguu!" Akakisaga, akakikamua, akanipaka maji yake hadi masikioni. Nikavaa wigi juu, nikaenda kazini.

Nilikuwa namtunza bibi mmoja Mbelgiji aliyegoma kula. Asubuhi hiyo nilipoinama kumfunga viatu, alinusa, akafumbua macho. "Supu iko tayari?" Hapakuwa na supu. Nikapika mbiombio, akamaliza bakuli zima. Binti yake alipiga simu kuniuliza siri yangu. Nikamwambia ni uvumilivu. Tangu hapo nikawa napaka vyote viwili, kitunguu asubuhi, matone jioni.

Lubumbashi, mama alinivua wigi. Nikasikia vidole vyake vikitembea pale mbele, polepole. Kisha akanusa.

"Mutoto wangu, kule Bulaya unalalaka mu sufuria?"

"Mama, kuna kitu hapo?"

"Kuko. Kafupi, kama ka mutoto muchanga. Tulia."

Akaniosha kwa sabuni, akaleta uzi mweusi, akavizungushia vinywele vile kimoja kimoja hadi vikasimama kama antena. Machozi yakanitoka. Akadhani amekaza, akaulegeza uzi.

Nilirudi Brussels bila wigi. Bibi alinitazama, akanusa, akasukuma sahani. Lakini kichwa alichokifunga mama nisingekipaka kitu. Nikaanza kwenda kazini na kipande cha kitunguu mfukoni mwa aproni.