Chapa ya Ubongo Jikoni kwa Mama

Baridi ya Julai pale Gatitu haijali masomo ya mtu. Ilikuwa miaka ya sabini, chuo kimefungwa tena, nami nikarudi nyumbani na fuvu la plasta, nakala ya fuvu la mtu wa kale sana. Kazi yangu ilikuwa kulipaka utomvu wa mpira kwa ndani, tabaka juu ya tabaka, ukauke, kisha niuvute nje kupitia tundu la chini. Ubongo huoza, lakini ukiwa hai huusukuma mfupa na kuacha alama za mikunjo na mishipa. Mpira huzichukua alama hizo. Kama chuo kingefunguliwa bila mimi kuwa na chapa safi, nafasi yangu ya kuendelea na masomo ingepewa mwingine.

Mpira ukakataa kukauka. Kwenye stoo ya kahawa ulibaki unanata. Nilipousogeza karibu na jiko la makaa ukanuka na kuchanika, nikaanza upya. Nilikasirika hadi nikapiga debe teke, nikaumia kidole bure. Joto zuri lilikuwa mahali pamoja tu, darini juu ya moto wa mama, anapokaushia kuni, na mama alikuwa amekataa katakata. Kwetu kitu cha mfu hakiletwi penye chakula. Zamani aliyekigusa alitakaswa kwanza. Nikamweleza kuwa ni plasta tu, kama sanamu ya kanisani.

"Sanamu ya kanisa iko na uso," alisema. "Hii iko na meno tu."

Huyu ni mama ambaye hakukosa kanisa Jumapili hata moja. Niliona ananiharibia maisha kwa ushirikina, na nikamwambia hivyo, kwa sauti ambayo mtu hamtolei mama yake. Asubuhi nikakuta fuvu liko darini, limefunikwa kitambaa chake cha kichwa cha kuendea kanisani.

Safari hii mpira ukakauka. Niliuvuta polepole, ukajikunja, ukapita tunduni, ukatanuka tena mkononi mwangu ukiwa na kila mshipa. Nilisahau kununa. Nikamwonyesha mama damu ilipopita, na mahali ambapo wasomi bado wanagombana kuhusu mkunjo mmoja. Akauliza kama jamaa za huyu mtu wanajulikana. Nikasema hapana, ni wa zamani mno, na watu walichimba miaka mingi ndipo wakampata.

Alipitisha kidole juu ya mpira.

"Baba yako aliingia msitu ya Nyandarua wakati wa Dharura, kupigana na wazungu, wewe ukiwa mgongoni kwangu, na hakurudi," alisema. "Hapo tu. Na hakuna mtu ameenda na jembe kumtafuta."

Kisha akaniuliza, bila hasira yoyote, kama mwalimu wangu anaweza kukubali kuja. Nikamwambia hiyo si kazi yetu, sisi tunatafuta watu wa kale tu.