Fungu la Muguka Kwenye Usukani

Nilikuwa kituo cha polisi kuripoti kitambulisho kilichopotea, wakati afande alipokuwa akimkabidhi mama mmoja vitu vya marehemu mumewe: simu, kiatu kimoja, na fungu la majani ya muguka lililokazwa kwa ukanda wa mpira.

"Hii ilikuwa imefungwa kwa usukani," afande akasema.

"Mzee wangu hakuwa anatafuna."

Dereva mwenzake na marehemu, aliyekuwa amemsindikiza huyo mama, akatazama sakafu. "Haikuwa ya kutafuna, shemeji. Pikapu zetu za zamani zilikuwa zinapiga kelele tu ukitoka kwa laini. Hizi mpya tulizopewa zinajirudisha zenyewe katikati, bora zisikie mkono kwa usukani. Uzito wa hilo fungu ndio ulikuwa mkono wake. Alale kidogo."

"Sasa mbona haikumrudisha?"

"Inafuata ile mistari nyeupe," afande akasema. "Hapo alipotoka barabarani, karibu na Karurumo, lami ni mpya. Bado haijachorwa."

Mama akachukua simu na kiatu, muguka akauacha.

Madereva wetu hutafuna majani hayo wasilale. Huyu aliyafunga usukanini apate kulala. Nilidhani somo limeeleweka, mpaka nikamwona yule mwenzake akiufungua ule mpira polepole na kuutia mfukoni.