Majivu ya Jirani

Tulipoishi Mashimoni, Kibera, mama yangu alipanda sukuma wiki kwenye magunia ya udongo nje ya mlango wetu. Wadudu wadogo weusi walipojazana chini ya majani, aliyanyunyizia majivu asubuhi, kabla umande haujakauka. Kidogo tu, maana yakizidi yanachoma mizizi.

Majivu hayo yalitoka kwa jirani, mjane aliyeuza githeri aliyoipika kwa kuni. Kabla ya kuwasha moto, alizoa ya jana yaliyopoa akatuletea kwa sufuria kuukuu, naye akarudi na sukuma. Yeye na mama wote walitoka Kitui. Walikaa pale mlangoni wakiongea Kikamba na kucheka.

Moto ulizuka mchana, mimi nikiwa kibaruani na mama sokoni. Tuliporudi, safu yetu yote ya nyumba ilikuwa chini, mabati yamejikunja. Watu walituambia jirani alitoka salama, kisha akarudi ndani kumtafuta mjukuu wake. Mtoto alikuwa ameshatolewa na wengine. Yeye hakutoka tena.

Kesho yake tulikuwa tukifukua tupate chochote kilichobaki. Gunia moja, lile la karibu na mtaro, lilikuwa bado na mashina mabichi. Jamaa mmoja wa mtaa aliyekuja kutusaidia akaliona.

"Mathe, si hiyo sukuma itamea poa sasa," akasema. "Majivu imejaa kila mahali."

Mama alichota majivu kwa kiganja. "Haya si ya kuni," akasema. "Haya ni nyumba za watu. Na rafiki yangu yuko humu."

Jamaa akavua kofia. "Pole, mathe. Sikufikiria." Akaendelea kuvuta mabati.

Tulihamia Kawangware, upande wa Riruta. Mwenye ploti alimpa mama kipande cha ardhi kando ya ukuta, naye akapanda sukuma tena. Wadudu walipokuja, mke wa mwenye ploti alituletea ndoo ya majivu ya kuni. Mama alimshukuru, akaiweka nyuma ya choo. Mvua ikanyesha, yakawa tope.

"Niyanyunyize mimi?" nilikuwa nimemuuliza kabla ya mvua.

"Wacha."

Wadudu wakayamaliza majani. Mama akang'oa mashina yote asubuhi moja, akanawa mikono, akaenda kazini. Siku hizi tunanunua sukuma kibandani, na pale kando ya ukuta mwenye ploti amejenga chumba kingine cha kupangisha.