Ng'ombe Sita wa Shemeji

Mimi ndiye niliyemnyima mwanangu shule. Wasitafute mchawi.

Alikuwa amefaulu, akapangiwa sekondari nzuri ya kutwa pale Mugumu. Kutoka kwetu Ringwani hawezi kwenda na kurudi kila siku, lazima apange chumba, na mimi mjane ningekitoa wapi? Ndipo tukasikia kuna mradi unawalipia chumba watoto wa kaya maskini. Walimu wenyewe walipeleka jina lake.

Mwandikishaji alikuja asubuhi, kijana mwenye adabu. Shikamoo mama, marahaba. Akaangalia nyumba yangu, nyasi zimeoza, ukuta umebonyea, akaandika. Nikaona mambo yamekaa vizuri. Kisha akageukia zizini.

"Na ng'ombe hawa sita?"

Walikuwa wa shemeji yangu, kaka wa marehemu. Alikuwa amewaficha kwangu ili wanawe wasiwaone wakadai kuozwa wake kwa ng'ombe hao. Kwetu Wakurya, ukitunziwa siri ya ng'ombe unafunga mdomo. Maziwa unakunywa, mwenyewe humtaji mbele ya mgeni. Na majirani walikuwa wamejaa pale, wake za watu wananitazama. Haya, niseme sina hata ndama?

"Ni wa hapa hapa," nikasema. Tena kwa maringo! Mdomo uliponza kichwa.

Jina likakatwa. Nilikimbia kwa mtendaji wa kijiji, nikamweleza ukweli. Akasema, "Mama, ulisema mwenyewe na dole gumba ukaweka. Mlete mwenye ng'ombe athibitishe."

Nikampigia magoti shemeji. Nasema magoti, mimi niliyemzalia ndugu yake watoto wanne. Akajibu, "Nikithibitisha, wanangu watajua. Mtoto wa kike atasoma hata hapa kijijini." Nilitamani ardhi inimeze.

Hapa kijijini alisoma mwaka mmoja, mwalimu wa hesabu hajawahi kufika. Nilimwambia binti yangu yote, sikuficha. Hakunigombeza. Heri angenitukana! Alisema tu, "Sawa, mama," akaacha kufungua madaftari.

Sasa yuko Mugumu, kazi za ndani. Juzi nilimpigia simu nikamuuliza analala wapi, anakula nini. Akasema chumba anacho kizuri, kina dirisha, na shule ile iko ng'ambo ya barabara tu. Wakati huo alikuwa anafua sare za watoto wa tajiri yake.