Moteri ya Kujitwika

Mama Jolie, jirani yetu wa Nyamianda, anasafirisha wamama wa soko na mabeseni yao kwa mtumbwi mpaka Makobola. Zamani alikuwa anakodi moteri, ile injini ya mtumbwi, na shemeji yake Frédéric ndiye aliyeiteremsha ziwani kila asubuhi, maana moteri hailazwi ufukweni, wezi wataibeba. Inalala ndani ya nyumba, karibu na kitanda. Shida ilikuwa Frédéric mwenyewe. Yeye anaamshwa na jua. Wamama wakichoka kumngoja walipanda mtumbwi wa mwingine, na Mama Jolie alibaki peke yake na kasia mkononi.

Basi mwezi huu alienda kununua yake. Mimi nilimsindikiza, mtoto mgongoni, na Frédéric naye akaja.

Muuzaji alituonyesha mbili: ya nguvu za farasi kumi na tano, na ndogo ya nane.

"Chukua kumi na tano, shemeji," Frédéric alisema. "Hii ya nane iko ya kuchezea watoto. Watu watatucheka."

"Na inakimbia, mama!" muuzaji akaongeza.

"Kukimbia nimesikia. Iweke chini kwanza," Mama Jolie akamjibu.

"Chini?"

"Chini kabisa. Na muntu asinisaidie. Minye mwenyewe nitainyanyua."

Akakaza kitenge, akainama. Hapo nikaelewa. Sisi huku tunabeba mfuko wa unga kichwani bila kulalamika, lakini daima yuko mwenzako wa kukutwika. Kubeba si kazi. Kazi ni kujitwika. Asubuhi, maji yako magotini, nani atakutwika moteri?

Ile ya kumi na tano ilifika magotini, ikarudi chini. Akajaribu tena, ikarudi tena. Ya nane ilipanda mpaka kifuani, ikakaa begani, na Mama Jolie akatoka nayo mpaka barabarani, anasalimia wapita njia.

"Mama, unaniibia!" muuzaji akapiga kelele huku anacheka. Nilicheka mpaka mtoto akaamka.

Jumatatu Frédéric alifika ufukweni anapiga miayo. Mtumbwi ulikuwa umeshatoka, umejaa wamama, na Mama Jolie ameshika moteri kwa mkono mmoja.

"Shemeji! Weye unaniacha?"

Mama Jolie aligeuza mtumbwi, akarudi polepole.

"Panda. Lakini leo uko abiria. Kaa katikati, pamoja na wamama."

Wakamsogezea nafasi kwa vigelegele, wakampakatisha beseni la sabuni.