Zumari Niliyoinunua Bubu

Katika kazi yangu ya kununua zumari kuukuu, kuzitengeneza na kuziuza tena, nilikuwa na sharti moja: sinunui zumari bubu. Anayeuza aipulize mwenyewe, mlangoni pangu, mtaani Langoni, niisikie. Mti unaweza kung'aa kwa mafuta na ndani umeliwa na wadudu, na mimi sikuwa mtu wa kuuziwa mbuzi ndani ya gunia. Watu wa Pate na Kiunga walilijua sharti hilo. Hata mwalimu wa msikiti wa jirani, aliyekuwa akipita kwangu amekunja uso, alilijua, maana harusi ya mwanawe ilipokaribia aliniomba kwa sauti ya chini nimtafutie mpigaji mwenye pumzi katika wale niliowasikia.

Miaka michache kabla ya vita vya Wajerumani alinijia mpiga zumari wa Matondoni. Mtu huyo nitamshukuru mpaka niingie kaburini. Nilipooa, kijana niliyetoka Pate bila mjomba wala mali, alikuja kwa miguu na zumari yake ya mpingo akanisindikiza kwa bi harusi kama mtoto wa jumba la mawe. Nilipotaka kumpa chochote alikataa, akaniambia nikale na mke wangu.

Safari hii alikuja juu ya punda, amejifunika mdomo kwa kilemba. Alipokifungua niliona upande mmoja wa uso umepooza.

"Bwana, nimekuya kuiuza," alisema.

"Ipulize," nikamjibu. Ulimi uliteleza kwa mazoea.

Zumari ina ulimi wa jani la mvumo, nao huingia wote kinywani, kisha midomo hukazwa kwenye kibao kidogo cha mviringo ili pumzi isitoroke. Yake ilitorokea pale palipolegea, pamoja na mate. Alijaribu tena, sauti haikutoka.

"Sauti yake waiyua," alisema akijifuta. "Ndiyo iliyokupeka kwa mkeo. Kweli fadhila za punda ni mateke."

Nikamuuliza kwa nini aiuze. Akaniambia binti yake, mtoto wake wa pekee, ataolewa mwezi wa Mfungo Saba, na ameapa kwamba kama si babake, asipigiwe na mtu. Afadhali zumari isiwemo nyumbani, harusi iende kimya, kuliko mtoto kuitazama ukutani.

Mteja wangu mmoja wa Kiunga alikuwa akitafuta zumari ya namna ile ile. Lakini nilishikwa na ubishi, na namshukuru Mungu kwa ubishi huo.

"Sinunui bubu," nikamwambia. "Kaa."

Nikavunja kifuu cha nazi, nikaanza kuchonga kibao kipya, kipana, chenye kurefuka upande mmoja ili kizibe pembe ya mdomo iliyolegea. Nilimshika mashavu na kumpima kwa vidole, jambo ambalo mtu humvumilia kinyozi tu. Kibao cha kwanza kilimfinya. Cha pili kiliachia shavu lilipofura, naye akacheka cheko la upande, akaniambia nirudi Pate nikachonge miko. Alirudi siku nyingine, na nyingine, kila mara akinung'unikia ukaidi wangu, lakini alirudi. Mwishowe nilikipinda kibao kifuate shavu lake, nikapaka nta ukingoni.

Mwanzo zumari ilikoroma. Kisha sauti ikatoka, ile ile, na mke wangu huko ndani akaacha kutwanga.

"Umesikia," akaniambia. "Nunua sasa."

"Harusi kwanza."

Akaipiga kwenye harusi ya mwanawe, shavu moja limejaa na lingine limetulia tu, watoto wakimwigiza nyuma yake. Nililia mbele za watu wala sikuona haya. Kila alipokutana nami baadaye alinikumbusha kwamba nilikuwa nimeahidi kununua, nami kila mara nilimwambia bado naisikiliza.

Alipofariki, baada ya arubaini, binti yake alikuja Langoni na zumari ameifunga ndani ya leso. Ilikuwa na kile kibao changu cha kombo, kisichoweza kukaa kwenye mdomo wa mtu mwingine yeyote duniani. Alisimama pale pale aliposimama babake.

"Baba alisema iko zumari uliyoahidi kuinunua," alisema. "Nami sharti lako nalijua. Lakini mimi siyui kuipuliza, na aliyeweza hayupo."

Nikaipokea kwa mikono miwili.

"Nimeshaisikia, mwanangu," nikamwambia.